Keki ya Mkonge Iliyokamatwa na Mtani

Wiki iliyopita mtoto wa dada yangu, anayefanya kazi Dar es Salaam, alinitumia picha kwenye simu. Anaolewa, na anataka keki ya sendofu nimpambie mimi. Sherehe yote, anasema, itakuwa ya mkonge: kamba za mkonge mezani, ukuta wa mkonge nyuma ya maharusi, na keki iwe shamba zima la mkonge lenye mistari iliyonyooka. "Mamdogo, si wewe ndiye uliyekulia huko kwenye mkonge? Itapendeza, itakuwa ya kizamani kizamani hivi."

Kizamani kizamani hivi! Nilizima simu, nikaenda kufua mashuka ambayo yalikuwa masafi.

Si kwamba sipendi kupamba keki. Napenda mno, ingawa mimi si mpishi wa kuandikwa kwenye bango. Napikia nyumbani kwangu hapa Korogwe, kwa oveni ndogo yenye tabia ya kuchagua siku ya kuivisha, na wateja wangu ni ndugu, majirani na watu wa kwaya. Nimeshapamba keki ya mpira, ya kitabu, ya gari la zimamoto, hata ya jogoo. Ila keki ya mkonge nimepamba moja tu maishani, nikiwa na miaka kumi na mmoja, na mtu niliyempambia hakuiona. Hasira ya jambo lile bado ninayo. Watu huniambia, sahau, ulikuwa mtoto. Haya, kaa hapa nikusimulie, halafu na wewe uniambie nisahau.

Tulikaa kwenye laini za shamba moja la mkonge upande wa Makuyuni, mimi na bibi mzaa mama. Laini ni zile nyumba ndefu za vyumba vingi, mlango kwa mlango, walizojengewa manamba, wafanyakazi wa mkataba walioletwa zamani kutoka mikoa ya mbali. Mpaka mimi nazaliwa, mikataba ilikuwa imeshasahaulika lakini watu walikuwa wamebaki: Wanyamwezi, Wabena, Waha, Wamakonde, pamoja na sisi Wazigua ambao kwetu ni Handeni, si mbali. Wengine walikwenda msikitini, wengine kanisani, ila bomba la maji lilikuwa moja, na ugomvi wa foleni ya ndoo haukuuliza dini ya mtu.

Alfajiri king'ora kililia kutoka korona, ndivyo tulivyokiita kiwanda cha kukamulia mkonge, na wakataji wakatoka na visu vyao wakati mbwa bado wamelala. Bibi alifanya kazi uwanjani pale, akianika singa, zile nyuzi nyeupe, kwenye waya mrefu. Jioni alirudi na nyuzi zimenasa kwenye nywele. Nilimchambua huku makande yakichemka, na harufu ya maganda ya mkonge yanayooza ikitufikia kutoka bondeni. Mgeni angeziba pua. Sisi tulikula kwa raha zetu.

Keki aliileta mwalimu wetu wa darasa la tano. Kabla yake nilikuwa nimeiona mara moja tu, dirishani mwa duka la mikate mjini, nikadhani ni kitu cha kutazamwa. Mwalimu alituita nyumbani kwake Jumamosi, watoto watano au sita, akatufundisha kuoka kwa sufuria. Unaweka mchanga wa mto kwenye sufuria kubwa, unaupasha moto sawasawa, unatumbukiza sufuria ndogo yenye mchanganyiko, unafunika, kisha mkaa mwingi unauweka juu ya mfuniko na mchache chini. Siagi na sukari tulipiga kwa mwiko, kwa zamu, mpaka mkono ufe ganzi, naye akipita nyuma yetu na kusema, "Bado ina chenga. Piga." Kwenye kupamba alikuwa na sheria moja asiyoilegeza: "Kisicholiwa hakipandi juu ya keki." Tulichora maua kwa sukari, na mimi maua yangu hayakuporomoka. Alisema nina mkono. "Siku moja utapamba ya kwako peke yako, niione."

Niione. Neno hilo nilikwenda nalo nyumbani, nikalala nalo, nikaamka nalo.

Barua yake ya uhamisho ikaja katikati ya muhula. Alikuwa anarudi kwao, upande wa Moshi, na angeondoka Jumamosi kwa basi la saa nane mchana lililopita barabara kuu. Wiki hiyohiyo bibi aliacha kazi ya singa kwa sababu ya kifua. Mambo haya mawili yaliangukia wiki moja, na ndiyo yaliyoniponza.

Mayai niliyakusanya kwa kuku wetu siku nne nzima. Sukari ya kupambia niliitwanga kwenye kinu, nikaichekecha kwa kipande cha kanga iliyochakaa mpaka ikawa vumbi, nikaikoroga na ute wa yai na maji ya ndimu. Rangi ya kijani ya dukani sikuwa nayo, kwa hiyo niliponda mchicha nikaukamua. Udongo mwekundu nilitengeneza kwa biskuti zilizosagwa na sukari iliyoungua. Majani ya mkonge niliyachonga kwa nyama ya nazi, membamba, yenye ncha, nikayaloweka kwenye maji ya mchicha, kisha nikayasimika moja moja kuzunguka vidonge vya sukari. Mashina ishirini na manne, mistari minne, sita kila mstari. Mikonge miwili niliiwekea mlingoti, ule mti mrefu unaochomoza mkonge ukizeeka, kwa tambi mbili. Tambi nyingine zikawa reli, kama ile ya kusombea mkonge shambani, na juu ya reli nikapandisha toroli la biskuti lenye magurudumu ya pipi. Nilichagua mkonge kwa sababu mwalimu alikuwa akisimama dirishani mwa darasa na kusema kwamba kwao hakuna shamba lenye mistari iliyonyooka hivi. Nilitaka aondoke nayo.

Bibi alisimama mlangoni na kikohozi chake, akaitazama kwa muda mrefu.

"Mstari wa tatu umepinda," akasema.

Nikaunyoosha.

Saa sita na nusu nilitoka na sinia nimelikumbatia kifuani. Sikuifunika keki kwa sababu kitambaa kingelaza mikonge yangu. Nilivuka milango mitatu. Kwenye mlango wa nne alikaa jirani yetu, Mnyamwezi, mkataji mwenye mikono iliyojaa makovu ya miba, pamoja na wakataji wenzake waliokuwa wanapumzika. Akaiona keki, akaiona mikonge, akasimama.

"Simama hapo, mtumwa wangu! Huyo bibi yako Mzigua ameacha kazi ya mkonge, anajifanyia sherehe na keki ya mkonge, na sisi mabwana zake hatujaalikwa? Keki imekamatwa!"

Sasa hapa inabidi nikueleze, maana siku hizi ukisema mtani watu wanafikiria mpira. Utani ninaousema mimi ulikuwa kati ya kabila na kabila. Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za mababu. Mtani wako anaweza kukuita mtumwa wake mbele ya mkweo. Anaweza kukamata kuku wako, au kofia yako, au sufuria lenye wali wa harusi, na hutalipata mpaka ulikomboe. Msibani anakuja kuwacheka waliao, anajilaza kaburini asitoke mpaka apewe kitu, na akiondoka anabeba chombo chochote cha wafiwa bila kuaga. Na wewe hukasiriki. Sheria ilikuwa hiyo moja, mtani hakasirikiwi.

Mimi nilikuwa nasikia bibi na yule jirani wakitukanana kila asubuhi bombani, nikadhani hawapendani.

Nikamwambia si ya bibi, ni ya mwalimu, basi linapita saa nane. Wakacheka. Kila anayekamatiwa kitu husema si chake, ndivyo mchezo unavyokwenda, na nilivyozidi kulia ndivyo walivyozidi kuona nacheza vizuri. Nani atampambia mwalimu mkonge? Mkonge ni wa watu wa mkonge. Akalichukua sinia kwa mikono miwili, akalinyanyua juu nisilifikie, akaliweka kwenye kigoda. Akachukua toroli kwa vidole vile vya makovu, akalitafuna, pipi zikalia kwenye meno. Mkewe akatoka na kisu, akaukata mstari wa tatu wote, akawagawia watoto waliokuwa wameshajazana.

Nikamng'ata mkono. Nilimng'ata mpaka nikahisi chumvi ya jasho lake, nikamwita mwizi, nikamwita maneno mengine ambayo nilikuwa nimeyasikia bombani na sikuwa najua maana yake. Hata watoto waliacha kutafuna. Waliokuwa wananicheka walinitazama sasa kama mtu aliyevua nguo barabarani.

Bibi alikuja na kuku wa kukomboa keki, lakini mimi sikusubiri. Nilikimbia mikono mitupu mpaka barabara kuu. Basi lilikuwa limewahi, limeshasimama, na mwalimu amekaa dirishani na begi magotini.

"Nilikupambia keki," nikamwambia.

"Asante sana, mwanangu," akasema, kwa ile sauti ya kumshukuru mtoto kwa kitu ambacho hakipo.

Hakuniamini. Ningemweleza mikonge ishirini na minne, ningemweleza mlingoti wa tambi, ila makamasi yalikuwa yamenijaa na konda alikuwa anagonga bati. Basi likaondoka. Sijamwona tena, na sijui kama bado yuko duniani.

Nyumbani bibi hakunipiga. Alinikalisha akasema neno lile, mtani hakasirikiwi, kisha akanitaka nimpelekee jirani kuku yule yule aliyekuja naye kukomboa keki, nimwombe radhi kwa kumng'ata. Mimi nimwombe radhi! Nilikataa, nikalala njaa, nikakataa tena asubuhi. Mwishowe alimpeleka mwenyewe. Jirani naye hakuja kuomba radhi, kwa sababu mtani haombi radhi, angekuwa anavunja undugu. Alichofanya ni kumwonyesha kila mtu alama ya meno yangu. "Huyu hapa ndiye aliyenila," alikuwa anasema nikipita na ndoo, na wote wanacheka, na mimi naapa moyoni kwamba nitakufa sijamsalimia. Nilitimiza. Miaka miwili sikumpa shikamoo, na bibi alinikodolea macho kila mara mpaka akachoka.

Kisha laini zikafungwa. Shamba lilikuwa limekufa kidogo kidogo, na siku moja tuliambiwa tuhame, bila shukrani wala pole, watu waliozaliwa mle na wazazi wao wamezikwa nyuma ya vyumba vile. Mabati yakaezuliwa tukiwa bado tunafunga mizigo. Jirani na familia yake walikwenda Handeni, wakapata shamba la mahindi kule kwenye tambarare kavu karibu na wafugaji. Sisi tulikuja mjini Korogwe. Nilifurahi kuachana naye, nasema kweli.

Miaka mitatu iliyopita simu ya bibi iliita. Alikuwa mke wa jirani yule, mwenye kisu. "Mtani," akasema, "mwenzio ameniacha. Njoo ufanye kazi yako." Bibi alilia, akacheka, akalia. Miguu yake ilikuwa haimbebi tena hata kufika uani. Akanigeukia mimi.

"Nenda wewe."

"Bibi, mtu yule sijamsamehe."

"Ndiyo maana nakutuma. Kazi ile mwenye hasira ndiye anaifanya vizuri."

Nilikwenda. Njia nzima ya Handeni nilikuwa napanga maneno, na unajua nini, nilikuwa na raha. Nilielewa kwa mara ya kwanza kwamba wazee walikuwa wameniwekea mahali pa kwenda kuitua hasira yangu yote, mbele za watu, kwa ruhusa. Mtu anakukosea, humwombi akuombe radhi. Unasubiri, halafu siku ya mwisho unamwambia yote, na watu wa kwake wanakucheka na kukupa uji. Ni nani siku hizi mwenye kitu kama hicho?

Nilikuta mahema, viti vya plastiki vilivyovishwa vitambaa vyeupe, vijana wenye fulana zilizochapwa picha ya marehemu, kamera ya video, na mshereheshaji mwenye kipaza sauti. Wafugaji majirani walikuwa wamesimama pembeni na fimbo zao na vibuyu vya maziwa walivyowaletea wafiwa. Watu walikuwa kwenye mstari wa heshima za mwisho. Nilijipanga. Nilipofika mbele ya jeneza nilimwona, amezeeka, amekuwa mdogo, amevishwa tai. Mtu ambaye sikumpa shikamoo.

"Amka, mwizi!" nikasema kwa sauti. "Unalala saa hizi na keki yangu tumboni? Nirudishie toroli langu! Nirudishie mstari wa tatu! Mnyamwezi mlafi wewe, umekula shamba la watu na mlingoti juu, leo unajifanya umefunga macho?"

Na nikalia. Nilikuwa nadai na kulia kwa pamoja, kwa uchungu wa kweli, na nilisubiri ule mlipuko wa kicheko nyuma yangu. Nilisubiri mtu anijibu, aniite mtumwa.

Kipaza sauti kilikoroma kidogo kikazimwa. Nyuma yangu mama mmoja akamnong'oneza mwenzake, "Keki ya nini? Ni mtoto wa nje huyo." Mwenzake akajibu, "Kwa umri ule? Nyumba ndogo." Mchungaji akainamisha kichwa. Mtoto mkubwa wa marehemu, ambaye siku ile ya kisu alikuwa anatambaa, alinijia na suti yake nyeusi, akanishika kiwiko kwa adabu.

"Dada, tafadhali. Kama una madai na marehemu, kuna kamati ya familia."

"Mimi ni mtani wenu! Mzigua! Nimetumwa!"

"Tunaheshimu, dada. Lakini huu ni msiba."

Huu ni msiba! Nilitaka kumwambia, mdogo wangu, wewe umekula mikonge yangu kwa ufizi. Nilitaka kumwambia baba yako angeona aibu kuzikwa kwa adabu namna hii. Kina mama wawili walinishika huku na huku wakanitoa, na tulipopita mkekani alipokaa mjane, mkono ukatoka chini ya kanga ukadaka pindo la gauni langu.

"Hata tamu haikuwa," akaninong'oneza. "Ilinuka mchicha."

Mabega yake yakaanza kutikisika. Kina mama wakamzunguka na kumpepea, wakisema jamani mpeni maji, mama amezidiwa. Ni mimi tu niliyejua kwamba anacheka. Walimpepea kwa bidii mpaka kicheko kikamwisha.

Nyuma ya nyumba, njiani kuelekea barabarani, vyombo vilikuwa vimetandazwa kwenye turubai: masufuria, miiko, sahani. Nilijua ninachotakiwa kufanya. Nibebe kimoja, chochote, niende nacho bila kuaga. Nilisimama pale, na niliiona ile suti bado inanitazama, nikajiona kama itakavyosimuliwa, mwanamke kichaa aliyekuja kutukana maiti na kuiba sufuria. Nikaona aibu. Nikapanda bodaboda. Hasira niliyokuwa nimekwenda kuitua nilirudi nayo, na nyingine juu yake: kwa kijana yule na kamati yake, kwa waliotufukuza kwenye laini wakatutawanya kama maganda, na kwangu mwenyewe. Zaidi kwangu mwenyewe.

Bibi alikuwa macho, ameketi kitandani akinisubiri.

"Walicheka?"

"Hawakucheka, bibi. Hawajui."

"Na wewe umekuja na nini?"

Nikamwonyesha mikono. Akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena upande wa pili.

"Hata kijiko?"

Akalala, akageukia ukutani.

Mwaka jana na yeye alitutoka. Nilipiga simu Handeni, nikaongea na yule kijana wa suti, nikamwambia mtani wenu amefariki, njooni mfanye kazi yenu. Alinipa pole nzuri sana, akatuma rambirambi. Tulizika hapa Korogwe, watu wengi, mahema mawili, kila mtu na adabu yake. Kaburini hakujilaza mtu. Hakuna aliyetucheka tulipolia, hakuna aliyemwita marehemu mtumwa. Jioni tulihesabu vyombo vyote tulivyotoa, sufuria kwa sufuria, na dada yangu akafurahi kwamba hakuna kilichopotea. Nilimfokea mbele za watu mpaka akalia, na hakujua amekosa nini.